Wapangaji Wawili, Mtaro Mmoja

Tanga tulizimiwa televisheni ya analojia mwisho wa Januari 2013, mwezi mmoja tu baada ya Dar es Salaam. Tukaambiwa tununue ving'amuzi, chenga zimekwisha. Toka hapo mtu akitaka kukutukana kistaarabu anakwambia wewe bado analojia. Haya, nyie wa dijitali nijibuni: mbona sabufa zenu zinalia?

Naizungumzia sabufa hii hii iliyojaa madukani Ngamiani, yenye taa za rangi, redio, tundu la flashi na blututhi. Unganisha simu yako, tulia usikilize. Kabla mwimbaji hajafungua mdomo kuna kidudu kinakoroma nyuma yake: kri-kri-kri. Wimbo ukisimama, chenyewe kinaendelea, kama kimelipiwa.

Nyumbani kwangu kila mtu ana mshitakiwa wake. Mke wangu anasema umeme mdogo. Jirani anasema mtandao. Shemeji yangu, ambaye kila kitu anakijua, anasema tatizo ni ethi, na dawa yake ni kukata pini ya tatu ya plagi. Sijui ethi ilitukosea nini watu wa pwani. Tundu la juu la soketi tunalichomeka kalamu ili chaja ya pini mbili iingie, basi. Kazi nyingine hatujaipa. Pini ile iko pale ili waya wa ndani ukichubuka na kugusa bati la chombo, umeme ushuke ardhini na fyuzi ikatike, usije ukapita kwa mtu aliyetoka uani na miguu mibichi. Kuikata ili taarabu isikike safi ni kujitafutia hitma.

Aliyenieleza vizuri ni fundi wa barabara ya 12, mtu mkali, anayejibu maswali akiwa na waya wa risasi mdomoni. Ethi ya ukutani, alisema, ni kesi nyingine. Kesi yangu ilikuwa ndani ya sabufa, kwenye waya hasi, ule ambao mafundi nao wanauita ethi, ndiyo maana tunachanganyikiwa sote.

Umeme hauendi tu, shekhe, lazima urudi. Sasa chukulia nyumba zetu za Ngamiani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani mtaro mmoja. Analojia ni mpangaji mpole, anamwaga kikombe kimoja cha maji taratibu. Dijitali anamwaga ndoo, tena kwa vipindi. Redio ya blututhi inahama masafa mara 1,600 kwa sekunde, na kila inaporusha au kupokea inavuta umeme kwa mkupuo. Maji ya ndoo yakipita mtaroni, yanapanda mpaka mlangoni kwa yule mpole. Amplifaya haina macho. Inachokikuta mlangoni inakikuza mara 20 au 30 na kukipeleka kwenye spika. Ndiyo kri-kri-kri.

Shemeji akacheka, eti shaba ni shaba, itapandisha nini? Fundi akamtolea hesabu. Njia ya shaba kwenye bodi ya kawaida, unene maikroni 35, upana milimita 1, urefu sentimita 10, ina ukinzani wa kama omu 0.05. Pitisha miliampea 100, zinabaki milivolti 5. Kidogo, ndiyo. Lakini sauti ya biti 16 kwenye kipimo cha volti 2 ina ngazi za maikrovolti 30 hivi, kwa hiyo hicho kidogo ni ngazi 160 na ushei. Shemeji akakumbuka ana mtu wa kuonana naye.

Ukidhani mainjinia wenyewe wanaelewana, pole. Kwa miaka mingi walifundishwa kuikata shaba ya chini ya bodi vipande viwili, cha analojia na cha dijitali, viunganishwe mahali pamoja tu. Akaja Mmarekani Henry Ott, mzee aliyefanya kazi Bell Labs, akasema acheni shaba nzima, wapangeni wapangaji: mwenye ndoo akae karibu na mlango wa uani, maji yake yasipite kwa mwenzake. Sababu yake ina akili. Umeme wa kasi unapenda kurudi chinichini ya njia ile ile uliyojia. Uchimbie handaki, utazunguka mbali, na mzunguko mpana unageuka antena. Mimi niko na Ott, ingawa waliotengeneza sabufa yangu naona hawakumsikiliza huyu wala wale.

Kwenye shughuli ni hayo hayo. Mji huu ndio wa Black Star na Lucky Star, waliotia magitaa ya umeme kwenye taarabu, halafu leo harusi inakwenda kwa kompyuta mpakato na spika zinanguruma. Kijana wa muziki akichomoa chaja ya kompyuta, ngurumo inakatika, watu wanashangilia kama kaleta mvua. Chaja ilikuwa imefungua njia ya pili ya kurudia umeme. Ila betri ina siku zake, na huwa inachagua kuzima wakati bibi harusi anaingia.

Fundi wangu alianza kwa kuipa blututhi waya wake hasi mpaka kwenye kapasita kubwa. Kidudu kikanywea, hakikufa. Ndipo akaweka bodi ndogo yenye transfoma ndani, inayopitisha nguvu kwa usumaku pasipo waya kugusana. Njia ya blututhi kwenda kwenye amplifaya ikabaki moja tu, ule waya wa sauti. Kimya.

Nikaweka taarabu ya zamani, iliyotolewa kwenye kanda na kutiwa kwenye simu. Kri-kri hakuna, lakini chini kabisa: mmmmm. Nikasimamisha wimbo, kimya. Nikaufungua, mmmmm. Ngurumo ilikuwa imerekodiwa pamoja na wimbo, kabla wengi wetu hatujazaliwa, na fundi akasema hiyo haina dawa kwake.

Shemeji alikuwa amerudi, kaegemea mlango.

"Si nilisema ethi?"