Namna ya Kukosa Vijana wa Ujenzi: Mwongozo kwa Mafundi Wakuu na Makandarasi

Fundi mkuu, mkandarasi, na wewe mwenye nyumba unayejenga kwa awamu, vuteni viti karibu, haya ni ya sisi kwa sisi. Kazi zipo tele: Dodoma bado inajengwa, Arusha wanaandaa uwanja wa AFCON ya 2027, na ukipita Kigamboni, Bunju au Kibaha kila uchochoro una lundo la mchanga. Vijana nao wapo, wamejaa vijiweni. Kuwakosa katikati ya wingi huo kunataka bidii na mpangilio. Fuata hatua hizi nane bila kuruka hata moja, na baada ya miaka michache saiti yako haitakuwa na mtu chini ya arobaini.

Hatua ya 1: Anza na lawama

Kabla hujamtafuta kijana yeyote, toa hukumu. Sema vijana wa leo wavivu, wanapenda simu, wanataka hela ya chapchapu. Liseme kijiweni, liseme kwenye kikao cha harusi, liseme mbele ya huyohuyo kijana aliyekuja kukuomba kazi. Lawama ina faida yake: inakuepusha kujiuliza yule wa mwisho aliyeondoka alikuwa analipwa nini.

Usiwatazame wale wanaobeba mizigo Kariakoo tangu alfajiri. Usimtazame dereva wa bodaboda anayelowa mvua saa sita usiku akisubiri abiria. Ukiwatazama vizuri utauona uchapakazi wao, na hatua zote zinazofuata zitakuwa ngumu.

Hatua ya 2: Mpe karai, asilitue

Akishakubaliwa, mkabidhi karai na chepe, na kuanzia hapo mwite "saidia". Jina alilopewa na wazazi wake usiliulize. Mwaka wa kwanza abebe zege. Mwaka wa pili apandishe tofali ghorofani. Mwaka wa tatu, akikuomba mwiko ajaribu kupiga lipu ukuta wa stoo ambao hakuna atakayeutazama, mwambie bado hajaiva.

Usimwambie kamwe ni lini ataanza kushika pima maji, lini atapanga kozi yake ya kwanza, lini utamwacha afunge nondo za nguzo. Kijana huvumilia kazi nzito akijua inampeleka wapi. Asipojua, kinachobaki cha kuhesabu ni maumivu ya mgongo. Atayahesabu miezi kadhaa, kisha asubuhi moja hutamwona. Hapo rudia hatua ya kwanza.

Hatua ya 3: Ficha ujuzi

Hapa ndipo penye uhondo, tukae kidogo.

Siku ya kuseti msingi, mtume saidia dukani akanunue misumari. Akirudi akute vigingi vimeshapigwa, uzi umeshavutwa, kona zimenyooka, nawe umesimama pembeni kama mganga aliyemaliza tambiko. Asijue ulichofanya. Maana ulichofanya ni hesabu nyepesi: umepima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, ukavuta mshazari, na ulipofika mita 5 kona ikawa nyuzi 90 kamili. Ni kanuni ya Pythagoras ileile aliyoifanyia mtihani sekondari akidhani haina kazi yoyote duniani.

Ukimwonyesha, uso utamchangamka. Ataomba ashike futi kamba mwenyewe. Kesho yake atakuuliza kama mita 6, 8 na 10 nazo zinafaa, na itabidi ukiri kwamba zinafaa, tena kwa nyumba kubwa ndizo bora zaidi. Kijana aliyeonja furaha hiyo haondoki kirahisi, kwa hiyo mtume misumari.

Kwenye zege fanya vilevile. Mwambie achanganye kwa macho. Usimtajie kipimo cha moja, mbili, nne: saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne. Akiuliza kwa nini maji yasizidi, mkaripie. Asijue kwamba maji ya ziada yakishakauka huacha vitundu ndani ya zege na kulipunguzia nguvu, wala kwamba zege jipya hutunzwa kwa maji siku saba au zaidi, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Mtu anayejua sababu huilinda kazi hata ukiwa umeondoka saiti. Asiyejua atamimina ndoo mbili za ziada ili kukoroga kuwe rahisi, na nyufa zitakapotokea, jina litakalotajwa ni lako.

Ndani ya moyo wako kuna hofu kwamba ukimfundisha atakuibia wateja. Ishike hofu hiyo kwa mikono miwili. Sahau kwamba huwezi kuwa kwenye msingi Mbagala na kwenye paa Tegeta siku moja. Sahau pia kwamba na wewe kuna mzee fulani alikupa mwiko wake ukaharibu ukuta, akaubomoa, akakuambia uanze upya.

Hatua ya 4: Lipa kwa ahadi

Jumamosi ya malipo, zima simu. Ukikutwa nayo imewaka, sema bosi hajatoa hela. Jumatatu sema benki ilikuwa na foleni. Ikija siku ya kulipa kweli, mkate deni la mama ntilie, mkate karai lililotoboka, mkate siku iliyonyesha mvua. Mkataba uwe wa mdomo, kisha usahau mlichokubaliana.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Iache kabatini. Zege la jamvi likianza halikatishwi njiani, kwa hiyo mbakize hadi usiku umwagaji uishe, kisha mlipe ileile ya mchana na umwambie ahsante.

Wakati huohuo rafiki yake mwenye bodaboda ya mkataba anashika hela kila jioni. Anatoa hesabu ya bosi, anaweka mafuta, kinachobaki kiko mfukoni kabla hajalala. Kijana wako akilinganisha hayo mawili, ataondoka. Barabara ina ajali, ina askari, ina jua, naye anayajua yote hayo. Anachokitaka ni kuwa na hakika nyumbani kwake watakula nini leo. Hakika hiyo ungeweza kumpa bila kumwongezea hata senti, kwa kulipa tu siku mliyokubaliana.

Hatua ya 5: Usalama uwe wa wageni

Kofia ngumu zifungie ofisini zimsubiri mkaguzi wa usalama kazini kutoka OSHA. Akiondoka, zirudi kabatini. Kijana apande jukwaa la milunda kwa kandambili. Asipewe mkanda, asipewe glovu, na akikata nondo bila miwani msifie kwa ujasiri. Kumsajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi acha, ingawa mchango wa mwajiri haufiki hata asilimia moja ya mshahara. Akianguka, changisheni kwenye daladala.

Lakini ujue kwamba wazazi wanaona. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36, mafundi na vibarua wakiwamo. Novemba 2024 ghorofa jingine likaanguka Kariakoo, na nchi nzima ikakaa siku kadhaa ikifuatilia walionaswa chini ya kifusi. Mama aliyeziona picha zile, akamwona na mwanawe anatoka nyumbani na kandambili kwenda kupanda ghorofa ya nne, atamwambia abaki akauze vocha. Kumwita mwoga ni kumkosea. Anakujua wewe kuliko unavyojijua.

Hatua ya 6: Wachanganye kwa cheti na uzoefu

Hii ni njia ya mkato nzuri sana, kwa sababu inawafukuza vijana wa aina zote mbili kwa pumzi moja. Akija wa chuo cha ufundi cha VETA na cheti chake cha uashi, mwambie hana uzoefu, vyuoni wanafundishwa nadharia. Akija aliyejifunzia mtaani miaka sita, mwulize cheti kiko wapi. Akija mwanafunzi kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo, mpe kazi ya kuchemsha chai na kuhesabu mifuko ya saruji, kisha umsainie fomu.

Usimwambie huyo wa mtaani kwamba VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia kazini hupimwa kwa kazi yake, hurekebishwa palipopungua, na hupewa cheti bila kuanza shule upya. Akikipata ataweza kuomba kazi kwenye miradi mikubwa, na huenda akataka umlipe kama fundi. Nawe, kama kampuni yako ni kubwa ya kutosha kutozwa, tozo ya kuendeleza ujuzi unailipa kila mwezi na sehemu yake huenda kwenye mafunzo hayohayo ya ufundi stadi. Endelea kuilipa, na usikanyage chuo hata siku moja kuwaona vijana uliowagharamia.

Hatua ya 7: Funga geti kwa nusu ya nchi

Akija msichana, mwulize amepotea njia au anatafuta mama ntilie. Vyuo vya ufundi vinatoa wasichana waashi, mafundi umeme, mafundi bomba, wapaka rangi. Wengine wana mkono mtulivu kwenye vigae kuliko mtu yeyote uliyewahi kumwajiri. Usiwape hata siku mbili za majaribio.

Choo kiwe kimoja, bila mlango. Utani wa saiti uache bila mipaka. Ataondoka mwenyewe wiki ya kwanza, nawe utapata cha kusimulia: kwamba kazi hii wanawake hawaiwezi. Kwa hatua hii moja umepunguza nusu ya vijana wote uliokuwa unaweza kuwapata, bila jasho.

Hatua ya 8: Ufanye ufundi uwe adhabu

Mwanao akifeli hesabu, mwambie, "Usiposoma utaishia kubeba zege." Rudia kila muhula mpaka aamini. Ukienda harusini, jitambulishe kama mfanyabiashara. Wakikuuliza biashara gani, sema "mambo ya majengo majengo," na ufiche kucha zenye saruji chini ya meza.

Mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 umeingiza mkondo wa amali sekondari, mwanafunzi asome na ajifunze ufundi humohumo. Mzazi jirani akikuomba ushauri, mwambie amali ni ya walioshindwa. Mwambie hivyo ukiwa umesimama mbele ya nyumba uliyoijenga kwa mikono yako, ambayo yeye ndiye anayekulipa kodi.

Kijana hujifunza thamani ya kazi kwa kumtazama anayeifanya. Akikuona unaionea haya, ataikimbia mapema kuliko ulivyotarajia.

Matokeo

Ukishika yote hayo, mavuno ni ya uhakika. Fundi wako wa kenchi atazeeka na goti linauma, na juu ya paa hakuna wa kumpokea. Mwenye mwiko mzuri atakuwa na foleni ya wateja miezi mitatu mbele, atapanga bei anayotaka, nawe utasubiri. Kazi zilizobaki zitashikwa na asiyejua, kwa sababu mwenye haraka huajiri aliyepo. Kuta zitapinda, mabomba yatavuja ndani ya ukuta, lenta zitapasuka. Ujuzi uliokaa kichwani mwa mafundi wazee utazikwa nao, na makaburi hayaandiki kipimo cha zege.

Sasa nikuombe, ndugu yangu: ushindwe kuufuata mwongozo huu. Chagua kijana mmoja wiki hii, awe amefika miaka 18 kwa sababu ujenzi ni kazi ya hatari. Mwite kwa jina lake. Andikianeni mkataba hata wa ukurasa mmoja, wenye kiwango cha malipo na siku ya kulipa, na siku hiyo uilinde kama unavyolinda saruji isilowe. Mpe buti na kofia kabla ya karai. Mwambie mwezi gani utamkabidhi mwiko, na mwezi huo ukifika mkabidhi. Siku ya kuseti msingi mpe ncha ya pili ya futi kamba, umwache yeye atafute ile tano. Akiharibu, bomoeni, aanze tena. Ujuzi ukikomaa, mpeleke akapimwe apate cheti chake.

Vijana tumewafukuza wenyewe, kwa mambo madogo yaliyo mikononi mwetu, na mambo hayohayo yanatosha kuwarudisha. Nyumba tutakazozeekea zitahitaji watu wa kuzijenga na kuzikarabati. Watu hao wako kijiweni leo, na wewe unajua wanachohitaji kufundishwa. Wafundishe.