Tumejuliana Hali

Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi hatujaonana miaka 11, ila najua jana alikula nini. Desemba hii nimesafiri naye kwenda Moshi bila kutoka Mbagala: nimemwona Chalinze akilaani foleni, Korogwe akigombea chipsi kuku na abiria wa mabasi matatu, na Same nimeiona kupitia kioo chenye vumbi. Halafu picha ya familia, watu wanane chini ya mgomba. Saba wameinamia simu. Wa nane ni bibi, anaitazama kamera kama mtu anayedaiwa. Chini pameandikwa: "Muda na familia."

Tangu WhatsApp ituletee stetasi za saa 24 mwaka 2017, salamu zimekuwa kazi nyepesi. Natazama, anaona nimetazama, basi tumejuliana hali. Juzi kanipigia kabisa! Moyo ukanilipuka, nikajua msiba. Kumbe kabonyeza kwa bahati mbaya. Tukaombana radhi kama watu waliopigana kikumbo sokoni, tukakata.

Dakika tano baadaye kaweka stetasi: "Hakuna kama marafiki wa zamani."

Nimeipa kopa jekundu.