Kila Mtu Bosi wa Mfumo

Ofisi moja ya kuuza pampu za maji jijini Dar es Salaam ilipoanza kutumia mfumo wa kusimamia wateja, mwanzoni hapakuwa na manung'uniko hata kidogo. Wote walikuwa wasimamizi. Kijana wa kompyuta alikuwa ameuliza nani apewe ruhusa gani, na mzee mwenye kampuni akamkata kauli: "Hapa sisi ni familia, hatufichani kitu." Kijana akajibu "Sawa, mzee," akaweka tiki ileile kwenye kila jina, kisha akaenda zake kula chipsi mayai.

Mfumo wenyewe ulikuwa Odoo, programu iliyoanzia Ubelgiji mwaka 2005, ambayo toleo lake moja halilipiwi leseni. Upande wa mauzo una ngazi tatu: anayeona wateja wake tu, anayeona wateja wa wote, na msimamizi. Muuzaji wa ngazi mbili za chini huweza kumwandikisha mteja mtarajiwa na kurekebisha taarifa zake. Kumfuta hawezi. Hiyo ni kazi ya msimamizi, na katika ofisi hii hata mlinzi wa getini, aliyepewa akaunti ya kuandikisha wageni, alikuwa msimamizi.

Aliyeanza kuvuna matunda ya udugu huo ni mhasibu. Yeye hapendi uchafu. Alifungua orodha ya wateja, akaona majina yamerudiwarudiwa, akakaza miwani na kuanza kufagia. Kufikia saa sita mchana, hoteli mbili za Bagamoyo na shule moja ya Kibaha hazikuwepo tena duniani, kwa mujibu wa kompyuta. Nakala rudufu ilikuwepo, ila ni ya Ijumaa iliyopita. Mauzo ya siku zilizofuata ilibidi yakatafutwe kwenye vitabu vya risiti na kwenye WhatsApp ya dereva.

Basi ruhusa zikabanwa, na hapo ndipo vita vilipoanza.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyelalamika kuwa kazi imemshinda. Dada wa mapokezi tangu aajiriwe hajawahi kufungua ukurasa wa mipangilio, wala hakujua uko wapi. Siku kitufe chake kilipopotea kwenye kioo, alinuna hadi jioni: "Kaka, nimekosa nini mimi?" Kumbe kitufe kilikuwa cheo. Ofisini watu huhesabu ruhusa za mfumo kama wanavyohesabu viti vya kuzunguka na nafasi za kuegesha gari, na ndiyo maana anayeutumia mfumo mara moja kwa mwezi ndiye hudai aone kila kitu.

Wauzaji nao walikuwa na lao. Mmoja aliacha kazi, na kijana wa kompyuta akatoa jina lake kwa wateja wote aliowashughulikia, akikusudia kuwagawa Jumatatu. Sasa Odoo ina tabia moja: muuzaji wa ngazi ya chini kabisa, ile ya "wateja wake tu", huona wateja wake mwenyewe, pamoja na wale wasio na mwenyewe. Asubuhi iliyofuata kila muuzaji alikuta neema imeshuka usiku. Meneja wa hoteli moja alipigiwa simu na watu watatu wa kampuni ileile, kila mmoja akijitambulisha kuwa ndiye atakayemhudumia, kila mmoja na bei yake. Alichagua ya chini, kama ambavyo yeyote mwenye akili angefanya.

Wakubwa nao huteleza. Tarehe 17 Mei 2019, hitilafu katika mabadiliko ya hifadhidata ya Salesforce, kampuni inayouza mifumo kama huu, iliwafungulia wafanyakazi wa baadhi ya kampuni wateja uwezo wa kuona na kubadili data zote za kampuni zao. Salesforce ikalazimika kufunga mlango kwanza, hadi kwa wateja ambao hawakuguswa na kosa hilo, na wasimamizi wengi wakabaki kupanga ruhusa upya kwa mkono. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Novemba 2017, akaunti ya Rais Donald Trump ilipotea Twitter kwa dakika 11. Twitter yenyewe ilisema aliyeizima ni mtu wa huduma kwa wateja aliyekuwa akimalizia siku yake ya mwisho kazini. Funguo hakuwa amenyang'anywa bado.

Pale kwenye pampu, suluhu ilitoka kwa kijana wa kompyuta. Aliunda kundi jipya la watumiaji, akaliita Mkurugenzi Mkuu wa Mfumo, akamweka humo mzee peke yake. Kundi linaona kila kitu: wateja, bei, grafu za rangi. Haliwezi kubadili hata nukta. Mzee alizungusha kipanya huku na huku, akaridhika, akaagiza soda kwa wote.

Kesho yake mhasibu alileta barua yenye mhuri, akiomba kuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Mfumo. Ombi lilikubaliwa palepale, na cheo chake kwenye mfumo kikabadilishwa jina. Ruhusa zilibaki zilezile za jana.