Hospitali ya Jiografia Iko Wapi?

Kwa Wakubwa wa Tahasusi na Udahili,
Popote mlipo.

YAH: SHUKRANI KUTOKA KATANDALA

Waheshimiwa,

Huku Katandala, Sumbawanga, upepo wa milima ya Mbizi haujatukausha midomo kiasi cha kushindwa kushukuru. Mwaka 2024 mlitupakulia tahasusi 65, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita, mahali palipokuwa na 16. Sisi ndio walima maharage wa Ufipa, na hata sokoni kwetu hatujawahi kuona aina 65. Asanteni.

Naandika kwa ajili ya binti wa kaka yangu. Tangu darasa la tatu anasema atakuwa daktari. Ukikohoa mbele yake anakupima mapigo. Alipomaliza kidato cha pili akatakiwa kuamua kama fizikia aibebe au aitue. Fizikia ya shuleni kwake ilikuwa na kitabu, ubao na vipindi kwenye ratiba. Mwalimu tu ndiye aliyekosekana. Jiografia ilikuwa na mwalimu, tena mchangamfu. Mtoto wa miaka 15, kwa akili zake timamu, akamfuata mwalimu aliyepo. Kidato cha tano akaingia CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia. Wenzake wakamhakikishia kuwa CBG na PCB, ile yenye fizikia badala ya jiografia, ni ndugu wa tumbo moja. Mimi nikachinja kuku.

Kidato cha sita amefaulu: kemia B, baiolojia B, jiografia A. Kwa hesabu zenu A ni pointi 5 na B ni 4, basi ana 13. Tukaenda kwa kijana mwenye kompyuta, akatufungulia mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu. Uko mtandaoni, kwa Kiingereza kizito ambacho kaka yangu alikisikiliza akiwa amevua kofia, kama yuko misani. Kijana akatutafsiria: udaktari unataka fizikia, kemia na baiolojia, walau D kila somo, jumla pointi 6.

Waheshimiwa, sisi wakulima tunajua kupima. Madebe 6 yanaingia ghalani, madebe 13 yanabaki nje yanyeshewe. Nimekubali, daktari asiyejua fizikia hata mimi simtaki anipige picha ya mbavu. Mwongozo siubishii. Ninachostaajabia ni kwamba mtoto anaulizwa kidato cha pili, halafu anaelezwa swali baada ya kidato cha sita. Babu zetu Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, upepo ukijiingilia wenyewe bila mivukuto (fizikia hiyo, na tahasusi hawakuwa nayo). Sidhani kama kijana wao alisubiri mpaka amalize kukata msitu ndipo aambiwe mti gani unafaa kwa mkaa.

Ombi langu ni dogo. Ukurasa ule wa udaktari uchapisheni kwa Kiswahili, kwenye karatasi, muwagawie akina mama wauza karanga. Huku karatasi ya karanga husomwa na kila mtu, pande zote mbili, na wateja wakubwa ni watoto wa kidato cha pili.

Mkijibu upesi nitashukuru zaidi. Jana binti aliniuliza, "Baba mdogo, kwani hakuna hospitali inayotibu kwa jiografia?" Nikamwambia wakubwa watakuwa wanaijua, ngoja niwaandikie.

Wenu mtiifu,
Baba Mdogo,
Katandala.