Ami Alifia Kaunti Gani?

Mtu akifia hospitalini hapa Mombasa, njia inajulikana. Hospitali inatoa kibali cha maziko, marehemu anazikwa, kisha mwenye subira kuliko wote katika ukoo anabeba kitambulisho cha marehemu na kwenda kwa msajili kufuata cheti. Akifia nyumbani, njia inapita kwa naibu wa chifu. Ndiyo maana Ami alipofariki California, kilio kikishapoa, swali la kwanza la Bibi lilikuwa: chifu wa huko ni nani?

California haina chifu. Ina kaunti 58, na kila moja ina daftari lake la vifo. Sisi tunazo 47, Mombasa ikiwa ya kwanza kwa namba, lakini kaunti zetu haziandikishi wafu. Kazi hiyo ni ya serikali kuu, na cheti cha Kwale hakitofautiani na cha Turkana. Kaka yangu, aliyejitwika shughuli hii kwa kuwa ndiye mwenye kompyuta, hakulitilia maanani jambo hilo. Aliona neno kaunti akadhani anajua.

Haja ya cheti ilikuwa nyumba. Ami alikuwa na nyumba Kisauni, ghorofa moja, chini maduka mawili, hati kwa jina lake peke yake. Wapangaji walisubiri arubaini ipite kisha wakaacha kulipa, kwa hoja ambayo hata Baba aliikubali: walikuwa wakimlipa marehemu, sasa wamlipe nani? Wakatuambia twende kwa Kadhi. Karani wa Kadhi akasema hakuna mirathi bila cheti cha kifo. Rafiki aliyekuwa akiishi na Ami, ambaye ndiye aliyesimamia maziko, alikuwa na nakala chache, lakini zote aliziwasilisha huko huko kwenye mambo ya bima na gari, na yeye mwenyewe alikuwa dereva wa masafa marefu. Ukimpigia leo yuko Arizona, kesho Texas.

Sasa Ami alikuwa akiishi Fontana, mji wa maghala na malori, ndani ya kaunti ya San Bernardino. Kaka akajaza maombi ya San Bernardino, akalipa, tukangoja. Ikaja bahasha. Ndani mlikuwa na cheti kweli, chenye muhuri na saini, ila kilikuwa cheti cha kuthibitisha kwamba rekodi imetafutwa na haikupatikana. Ndivyo sheria yao ilivyo: unalipia kutafutiwa, hulipii kupata. Daftari lisipokuwa na jina, unapewa karatasi ya kusema hivyo na pesa hazirudi.

Kosa la Kaka lilikuwa jepesi, na watu wengi hulifanya. Kifo huandikwa kwenye kaunti kilikotokea. Mtu aliishi wapi, kura alipiga wapi, hata kaburi lake liko wapi, hayo hayahusiki. Ami aliugua akapelekwa hospitali upande wa pili wa mpaka, kaunti ya Los Angeles, yenye watu milioni kumi hivi, na huko ndiko alikokata roho. Si mbali, lakini daftari ni lingine kabisa.

Lakini kabla hatujang'amua hayo, Kaka alikwisha kuisoma ile barua kwa sauti, sebuleni, mbele ya Bibi. Hakuna rekodi ya kifo cha mtu huyo. Bibi akanyamaza, akavaa miwani, akataka asomewe tena. Kisha akasema, kwa utulivu uliotutisha kuliko kilio: "Basi serikali yao yasema mwanangu hakufa."

Na kwa nini asiamini? Maiti hakuiona. Maziko aliyaona kwenye simu, picha ya watu wageni wamesimama kwenye nyasi zilizokatwa vizuri mno. Jioni ile alimkataza mtu yeyote kumtaja Ami kwa neno marehemu. Ikabidi Baba amuue nduguye mara ya pili, kwa maneno, akieleza habari za mipaka ya kaunti hadi usiku wa manane. Sijamwona Baba akiichukia Marekani kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Maombi yakaenda Los Angeles. Hapa fomu inauliza swali ambalo Kaka aliliona la kipuuzi: unataka nakala ya aina gani? Ipo ya wenye haki na ipo ya taarifa tu. Ya kwanza inadai kiapo, na ukiomba kwa posta, kiapo hicho kithibitishwe na mthibitishaji rasmi. Ya pili haidai chochote. Hata jirani mdaku anaweza kuiagiza. Kaka akachagua ya pili, kwa kuwa ni rahisi.

Ikafika. Maelezo yote yalikuwamo, ila juu yake pamepigwa chapa kubwa ya Kiingereza inayosema kwamba hii ni ya taarifa tu na si waraka halali wa kuthibitisha utambulisho. Kwa mtafuta nasaba inatosha kabisa, maana habari ni zile zile. Karani wa Kadhi aliitazama mara moja tu, akairudisha kwa vidole viwili.

Hata hivyo karatasi ile iliyokataliwa ndiyo iliyotikisa nyumba.

Cheti cha kifo cha California kina mambo mengi kuliko chetu. Kinataka elimu ya marehemu, kazi yake ya kawaida na miaka aliyoifanya, miaka aliyokaa kwenye kaunti, jina la baba, jina la mama la kuzaliwa, mahali walikozaliwa, na hali ya ndoa. Sisi kwa miaka yote tulijua Ami ana "biashara ya usafirishaji", na Mjomba alikuwa akiwaambia watu msikitini kuhusu kampuni ya shemeji yake. Cheti kikasema: dereva wa lori, miaka 19. Mjomba alidai ni kosa la uchapaji. Kwenye jina la mama palikuwa pameandikwa Bi, na kwenye jina la ukoo wa mama, Mkubwa. Rafiki yake alikuwa amemsikia akisema hivyo kila Ijumaa anapopiga simu nyumbani, akadhani ndilo jina. Bibi alicheka hadi akashika ubavu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Kisha macho ya mama mdogo, mkewe Ami, yakafika kwenye hali ya ndoa. Hajawahi kuoa.

Sitaki kuyaandika yote yaliyosemwa. Mama mdogo aliolewa na Ami kwa Kadhi, akamzalia wawili, akangoja miaka yote hiyo kwa fedha za kutumwa na ahadi za kuitwa. Wakati ule bado alikuwa kwenye eda, ya miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipambi, anamlia mume ambaye karatasi ya serikali inasema hakuwa wa mtu. Shangazi akataka kujua kama Ami ndiye aliyemwambia rafikiye hivyo. Mjomba akasema pengine kulikuwa na mwanamke mwingine. Binti yake Ami akamwambia Mjomba aende kwake.

Ilichukua muda kwa Baba kuwafahamisha cheti kile hutengenezwa vipi. Sehemu ya kifo chenyewe, yaani sababu, saa na tarehe, huandikwa na daktari au mchunguzi wa vifo. Yaliyobaki huulizwa na watu wa maziko kwa yeyote aliyepo, na sheria inawataka waandikishe ndani ya siku nane. Jina la msemaji limo humo humo, na uhusiano wake: rafiki. Alikuwa kijana aliyechoka, ameketi mbele ya dawati, anaulizwa habari za mtu aliyegawana naye jiko. Alilojua alilisema, asilolijua alilikisia. Muhuri wa kaunti unashuhudia kwamba haya ndiyo yaliyoandikwa. Haumjui mke wa mtu. Mimi maelezo hayo yaliniingia. Mama mdogo alisema tu, "Wafute." Akaambiwa kule hawafuti, rekodi ikirekebishwa, masahihisho huambatishwa na maneno ya kwanza hubaki. Akaingia chumbani.

Ikabaki nakala ya kiapo. Sheria inawataja wenye haki: mzazi, mtoto, mume au mke, ndugu, babu, bibi, mjukuu, pamoja na wakili na vyombo vya dola. Mtoto wa ndugu hamo. Kaka alitaka ajiandike mtoto, akitoa hoja kwamba ami ni baba na yeye alilelewa kwenye nyumba ile ile ya Kisauni. Hoja nzuri barazani, lakini anayesema uongo kwenye kiapo kile anaweza kushtakiwa. Mtoto halisi wa kiume alikuwa kazini Doha, bosi hampi ruhusa. Mjane yumo edani. Bibi miguu. Ikamwangukia Baba, kwa haki ya undugu.

Basi Baba akapanda treni ya SGR hadi Nairobi na chupa ya chai ya Shangazi, na mahamri ya watu sita, kwenda ubalozi wa Marekani, Gigiri, ambako muhuri mmoja wa uthibitisho ni dola 50. Alitushangaza kwa kurudi akiwa amefurahi. Alisema aliinua mkono wa kulia, akaulizwa kama anaapa, akaapa, na hapo ndipo alipohisi amemfanyia nduguye jambo.

Nakala ya wenye haki ilipotoka, haikuja moja kwa moja. Wakati huo Kenya haikuwa ndani ya mkataba wa Hague wa 1961, ule unaoruhusu nyaraka zivuke mipaka kwa cheti kimoja, kwa hiyo yetu ilizunguka: Sacramento kwa ofisi ya jimbo, Washington kwa wizara yao ya mambo ya nje, kisha ubalozi wetu huko huko. Rafiki wa Ami ndiye aliyeituma kila hatua. Nadhani alikuwa anamlipa mama mdogo kwa lile neno la ndoa, ingawa hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Kwa Kadhi, neno la "hajawahi kuoa" halikusimama hata dakika tano. Mama mdogo, eda imekwisha, alitoa cheti chake cha ndoa kutoka kwenye pochi, na wazee wawili wakashuhudia. Nyumba ikagawanywa kwa hesabu ya sehemu 24: Bibi 4, mama mdogo 3, watoto 17, wa kiume mara mbili ya dada yake. Baba, kwa kuwa marehemu ameacha mtoto wa kiume, hakupata kitu. Waliokuwa wakinong'ona Kisauni kwamba anaifuatia nyumba ya nduguye hawakuja kuomba radhi.

Ila gharama hutoka kwanza, kabla ya mafungu. Baba akaleta bahasha ya risiti. Treni ilipita bila neno, ubalozi ukapita, posta ikapita. Ilipofika risiti ya San Bernardino, Mjomba, ambaye hana fungu hata la mlango, akasimama kupinga: haiwezekani mali ya marehemu ilipe karatasi inayosema hakuna aliyekufa. Kaka akamjibu. Shangazi akaingilia. Mpaka leo wapangaji wanalipa kodi tarehe tano ya kila mwezi, na risiti ile bado haijaamuliwa.