Jinsi ya Kuwa Shabiki wa Tour de France Bila Kuitazama

Julai ni mwezi mgumu kwa mwenye king'amuzi. Ligi zimelala, habari za usajili ni uvumi mtupu, na ukionekana umekaa tu sebuleni utatumwa sokoni. Unahitaji mchezo, ndugu yangu, na mimi ninao: mbio za baiskeli za Ufaransa. Hatua 21, wiki tatu, zaidi ya kilomita 3,000, na kila siku saa nyingi za matangazo. Hakuna mchezo mwingine unaompa mtu mzima kibali kirefu namna hii cha kujilaza kwenye kochi akiwa na sura ya mtu aliye kazini. Na zikiisha za wanaume, za wanawake haziko mbali, halafu Agosti inakuja Vuelta ya Hispania. Kibali kinaongezwa.

1. Lala.

Kwa saa za kwetu, hatua nyingi huanza mchana baada ya chakula na kumalizika jioni, kwenye saa kumi na mbili hivi. Washa runinga mapema ili nyumba nzima ishuhudie kwamba ulikuwepo. Kisha fumba macho. Hutakosa kitu. Watu watano ambao hata mama zao wanashangaa kuwaona watachomoka mbele. Kundi kubwa litawaacha watambe dakika tatu, nne, halafu litawameza zikiwa zimebaki kilomita chache. Katikati hapo helikopta itakuonyesha makasri, ng'ombe, na wakulima waliopanga matrekta yao shambani yakawa umbo la baiskeli. Watangazaji wanaongea kama wanaombembeleza mtoto. Sauti zao hupanda mtu akianguka au mwisho ukikaribia, na mara zote mbili zitakuamsha zenyewe.

Ukifumaniwa unakoroma, usikurupuke. Sema, macho yakiwa bado yamefumba: "Nasubiri kundi liwakamate."

2. Kariri rangi.

Jezi ya njano ni ya anayeongoza kwa jumla ya muda. Ya kijani ni ya pointi, na mara nyingi huangukia kwa wenye kasi ya mwishoni. Nyeupe yenye madoa mekundu ni ya mfalme wa milima. Ya vijana achana nayo. Halafu weka akiba kitu kimoja: jezi ya njano ilianza mwaka 1919, na gazeti la L'Auto lililoandaa mbio hizo lilikuwa likichapwa kwenye karatasi za njano. Hilo litakupa heshima ya wiki nzima, kwa hiyo usilimwage siku ya kwanza.

3. Jifiche nyuma ya mgongo wa mtu.

Hapa ndipo penye elimu yenyewe. Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake huokoa karibu theluthi ya nguvu zake, kwa sababu wa mbele ndiye anayeupasua upepo. Kila timu ina watu wanane, na saba kati yao wapo ili mmoja asipigwe na upepo. Watazame, ukiwa macho: kijana anarudi nyuma hadi kwenye gari la timu, anapokea chupa za maji, anazitumbukiza mgongoni ndani ya jezi mpaka anaota nundu, kisha anapanda tena kuwagawia wakubwa. Siku ya tambarare, bingwa hutoka kwenye kivuli chake zikiwa zimebaki kama mita 200, anainua mikono, anapewa maua. Mwenye nundu hatajwi.

Wewe uwe bingwa. Kila mtaa una mzee mmoja mkimya, mwembamba, ambaye baiskeli yake haijawahi kulala na matope. Kaa naye mchana. Muulize swali moja, "Mzee, leo unaonaje?", kisha nyamaza, umwache aupasue upepo. Alichokuambia saa nane, wewe kiseme saa kumi na mbili kasorobo, kwa sauti kubwa kuliko yake, mbele ya shemeji.

Ukiona haya, jua kwamba wenyewe wana hila iliyozidi hiyo. Mtu wa garini ananyoosha chupa, mwendeshaji anaishika, na wote wawili wanasahau kuiachia huku gari likiongeza mwendo. Kwa kawaida waamuzi hufumba jicho. Ila Vincenzo Nibali, aliyekuwa ameshatwaa Tour ya 2014, aling'ang'ania gari la timu yake kwenye Vuelta ya 2015 hadi kamera ya juu ikamnasa akitokomea mbele ya wenzake kama ana injini, na akafukuzwa mashindanoni. Funzo kwako: ukishachota maneno kwa mzee, achia mapema.

4. Jiwekee kauli tatu.

"Timu yake imechoka." Baada ya wiki mbili milimani, nani atabisha? "Angesubiri kidogo." Hii isemwe juu ya yeyote aliyeshindwa. "Tusubiri milima." Hii inaahirisha mjadala hadi siku utakayokuwa umejiandaa.

Kutabiri mshindi ni kazi ya wajinga. Ukibanwa sana, mtaje Tadej Pogačar. Ametwaa mwaka 2020, 2021, 2024 na 2025, kwa hiyo huo hauhesabiwi utabiri.

5. Jitwalie undugu.

Shabiki asiye na mtu wake ni mpita njia. Bahati nzuri ndugu tunao. Chris Froome, mshindi wa 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi, na mbio za baiskeli alifunzwa na David Kinjah, mjini Kikuyu. Mtu akikukumbusha kwamba ushindi wote huo aliupata akiwa na leseni ya Uingereza, mtazame kwa huruma. Makaratasi hayo.

Kisha mpeleke mlimani Mont Ventoux, tarehe 14 Julai 2016. Umati umeziba barabara, pikipiki ya kamera imesimama ghafla, mpinzani wake Richie Porte anaivaa, Froome anaanguka naye. Baiskeli imevunjika, gari la timu liko mbali huko nyuma. Mwenye jezi ya njano anafanya nini? Anatimua mbio kwa miguu, kupandisha mlima, na vile viatu vigumu vya kunasa kwenye pedali vinavyomfanya akanyage kama anatembea juu ya sahani. Hapo inua kidole, useme polepole: "Unaona? Kule alikokulia watu hukimbia." Hakuna Mfaransa mwenye jibu la hilo.

Ndugu wa pili ni Biniam Girmay wa Eritrea, Mwafrika wa kwanza kuchukua jezi ya kijani, mwaka 2024, akiwa ameshinda hatua tatu. Mwaka 2022, kwenye Giro ya Italia, aliposhinda hatua alipewa chupa ya mvinyo afungue jukwaani. Kizibo kikamruka jichoni, na hiyo ikawa hatua yake ya mwisho kwenye mbio hizo. Basi ukiwa unashangilia, soda afungue mtu mwingine.

6. Sema ulikuwepo Kigali.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, na mashabiki walijaa kando ya barabara mpaka juu ya kuta. Nani atathibitisha kwamba hukuwepo? Sema ulisimama Kimihurura, kwenye kile kilima cha mawe. Ukiulizwa uliona nini, jibu ni rahisi: walipita. Wakarudi, wakapita tena, wachache zaidi. Wakarudi. Wanaume waliomaliza kilomita 267.5 walikuwa 30 tu, Pogačar mbele yao.

7. Dhamiri ikikusumbua, irudishe 1904.

Mwaka huo, katika Tour ya pili tu, wanne wa kwanza wote walifutwa kwa udanganyifu, wakiwemo walioshukiwa kupanda treni, na ushindi akapewa Henri Cornet, kijana ambaye mpaka leo ndiye mdogo kuliko washindi wote. Mashabiki nao walimwaga misumari barabarani kuwazuia wageni. Wewe umesinzia tu, tena kwenye kochi lako mwenyewe.

8. Kuwa na goti.

Ukifuata haya yote kwa bidii, siku moja yule mzee mwembamba atakuamini. Atakualika Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, "mzunguko mdogo tu," kilomita 80. Usiseme huna baiskeli, atakuazima. Usiseme una safari, atangoja urudi. Shika goti la kushoto, kunja uso kidogo, sema daktari amekataza mpaka Agosti. Na uandike mahali kwamba ni la kushoto.