Soma Hiki, Ndugu
Mwulize msomi wa Lubumbashi usome nini, atakutajia Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa hapa, riwaya iliyotoka Paris mwaka 2014. Chaguo zuri. Lakini Vocabulaire ya André Yav, historia ya mji huu machoni pa maboyi wa wazungu, iliyoandikwa kwa Kiswahili chetu mwaka 1965, haimtoki mdomoni. Atasema haipatikani: kweli, mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha Amsterdam mwaka 1990, na Amsterdam, kama ijulikanavyo, iko mbali mno kuliko Paris. Akibanwa, atasema Kiswahili cha Yav kimevurugika. Ajabu ni kwamba Mujila anapokivuruga Kifaransa, msomi huyo huyo hupiga makofi na kukuomba usome tena.